Jinsi ya kulinganisha dawa za sonona kabla hujameza kidonge cha kwanza

Swali ninalolisikia sana kwenye dirisha la famasi ni "kati ya hizi ipi ndo kali kuliko zote", na jibu lake huwa linawaudhi watu kidogo, maana kwenye nguvu ya kutibu hizi dawa zinakaribiana sana, zinapoachana ni kwenye maudhi yanayokuja na dawa, usalama na jinsi zinavyoelewana na dawa zingine unazotumia. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa uchambuzi uliokusanya majaribio 522 yenye watu 116,477, dawa 21 zikawekwa pamoja, na zote 21 zikakishinda kidonge kisicho na dawa ndani. Amitriptilini, dawa ya kizee ya tangu 1961 na ya bei rahisi, ilikuwa juu kabisa kwenye nguvu. Ila ukiuliza ni zipi watu walizivumilia bila kuziacha njiani, majina yanabadilika, wanaingia akina fluoksetini, sertralini, sitalopramu na esitalopramu.

Kwaio swali la maana ni ipi inakufaa wewe, kwa mwili wako huo, kazi yako hiyo, na hizo dawa zingine ulizonazo kabatini. Mimi natoa dawa, siandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari, hivo chukulia haya ni maandalizi ya kwenda kuongea nae ukiwa unajua unauliza nini, sio ruhusa ya kwenda kujinunulia.

Hatua ya 1: hakikisha kinachotibiwa ni sonona kweli

Huzuni ya msiba au mawazo ya kodi ya nyumba sio lazima iwe sonona. Daktari anaangalia kama kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au umepoteza hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda, na juu yake usingizi, kula, nguvu na umakini vimevurugika mpaka kazi haziendi. Kuna fomu inaitwa PHQ-9, maswali 9, alama kuanzia 0 hadi 27, na ya Kiswahili ipo. Ijaze kabla ya kuanza dawa, andika alama na tarehe, maana baada ya mwezi mtu husahau alikuwa na hali gani na anabaki kusema "naona iko vilevile tu" wakati ametoka 19 kafika 11.

Omba pia wakucheki damu na tezi ya shingo, wingi wa damu ukishuka au hiyo tezi ikilegea mtu anachoka na kunung'unika kama mgonjwa wa sonona kabisa. Na kama sonona ni nyepesi, tiba ya mazungumzo ndo huanza kwanza, vidonge havikimbiliwi.

Halafu kuna hili ambalo usipolisema mwenyewe daktari anaweza asilijue: kama umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ambazo ulikuwa juu juu, hulali na wala huchoki, unaongea bila kituo, hela inatoka ovyo, mipango mikubwa mikubwa kichwani, sema. Kama ndugu wa damu ana historia hiyo sema pia. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, wa hisia kupanda na kushuka, na mtu wa hivo akipewa dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha kule juu.

Hapohapo tutoe mkanganyiko mmoja. Diazepamu, hii watu wanaita valiamu, sio dawa ya sonona, inatuliza na kulaza tu na ndo hiyo inayoleta uteja ukiizoea. Na zile zinazomfanya mtu akakamae shingo au atokwe mate, kama haloperidoli na klopromazini, ni dawa za kundi lingine kabisa. Watu wengi wanaogopa dawa za sonona kwa sababu walimwona jirani aliyetoka wodi ya akili akitembea kama roboti, wakati yule alikuwa kwenye dawa tofauti.

Hatua ya 2: andika karatasi yako

Chukua karatasi, andika kila kitu unachomeza, yaani kila kitu: dawa ya presha, ya kisukari, ARV, dawa za TB, uzazi wa mpango, diklofenaki unayonunua mwenyewe mgongo ukiuma, dawa ya kikohozi, mitishamba, mirungi, pombe, sigara. Chini yake andika magonjwa: moyo, kifafa, presha ya macho, tezi dume, ini, figo, vidonda vya tumbo. Kama una mimba, unanyonyesha au unapanga kuzaa, andika. Kama uliwahi kutumia dawa ya sonona huko nyuma, andika jina, dozi, na ilikufanya nini, hiyo ni taarifa ya thamani kuliko chochote nitakachokwambia hapa, kwa sababu dawa iliyokukubali mwanzo ndo ya kwanza kufikiriwa tena.

Mwisho wa karatasi andika maudhi ambayo wewe huwezi kuishi nayo. Dereva wa bodaboda hawezi kusinzia saa 4 asubuhi. Mama aliyepungua kilo nyingi kwa kutokula anaweza kuwa na shida na kichefuchefu lakini kunenepa kidogo akashukuru. Kijana aliyeoa juzi ana lake. Hakuna aibu hapo.

Hatua ya 3: zijue familia zake

Zipo familia kama nne hivi za kukumbuka, nitazipitia haraka.

SSRI ndo zinazoanziwa siku hizi karibu kila mahali: fluoksetini (maarufu kama Prozac, Marekani iliidhinishwa Desemba 1987), sertralini, sitalopramu, esitalopramu, paroksetini. Zinaongeza serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe, kwenye maungio ya neva za ubongo.

Za zamani, trisaikliki: amitriptilini na imipramini. Hizi zina nguvu lakini zinagusa vitu vingi mwilini, sio serotonini tu, ndo maana maudhi yake ni mengi. Amitriptilini na fluoksetini ndo zilizoko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO na ndo utazikuta kirahisi hospitali za serikali.

SNRI: venlafaksini na duloksetini. Zinaongeza serotonini na kemikali nyingine ya ujumbe, noradrenalini.

Halafu zisizo na ukoo mmoja: mirtazapini, trazodoni, bupropioni. Kuna na kundi la MAOI ambalo huku kwetu hulioni sana, na ndo kundi la kwanza kabisa kugunduliwa, kwa bahati tu, mwaka 1952 hospitali ya Sea View pale Staten Island, New York, wagonjwa wa TB waliopewa iproniazidi wakaanza kuchangamka kupita ilivyotarajiwa.

Kumbuka majina ya biashara yanabadilika nchi kwa nchi. Esitalopramu ni Lexapro Marekani, ukienda Uingereza ni Cipralex. Sertralini ni Zoloft Marekani, Uingereza ni Lustral. Ndugu akikutumia kopo toka huko na hapa umeandikiwa dawa "nyingine", unaweza kuwa unameza kitu kilekile mara mbili. Sitalopramu na esitalopramu nazo ni damu moja, ya pili ni ile nusu inayofanya kazi ya ya kwanza, mg 10 za esitalopramu ni sawa na mg 20 hivi za sitalopramu, hazimezwi pamoja.

Hatua ya 4: linganisha kwa maudhi, moja moja

Usingizi. Amitriptilini, mirtazapini na trazodoni zinalaza, ndo maana zinamezwa usiku, na asubuhi unaweza kuamka na uzito kichwani hasa wiki ya kwanza. Fluoksetini ni kinyume, inachangamsha na wengine inawanyima usingizi, kwaio asubuhi. Sertralini na esitalopramu ziko katikati, jaribu asubuhi, zikikusinzisha hamishia usiku. Kwa anayefunga Ramadhani hili halina shida, nyingi ni mara moja kwa siku, fluoksetini inaingia kwenye daku vizuri tu na sertralini unaweza kuimeza na futari. Amitriptilini ni ya usiku tayari lakini inakausha mdomo, na mdomo mkavu kwenye swaumu ya Dar mwezi wa joto ni mtihani, ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama na sio katikati yake.

Tumbo. SSRI zote zinaleta kichefuchefu siku za mwanzo, kwa wengi kinaisha ndani ya wiki moja au mbili. Meza na chakula. Sertralini ndo bingwa wa kuharisha katika kundi lake. Amitriptilini inafanya kinyume, choo kinakuwa kigumu, hapo ni maji, mboga za majani, papai, na kutembea.

Uzito. Mirtazapini, amitriptilini na paroksetini zinaongeza zaidi. Fluoksetini mwanzoni hata inaweza kupunguza hamu ya kula. Bupropioni haiongezi, lakini huku si rahisi kuikuta na mwenye kifafa haruhusiwi kuigusa.

Tendo la ndoa. Hili lina watu wengi kuliko wanaolisema, na ndo sababu kubwa ya mtu kuacha dawa kimyakimya halafu anarudi baada ya miezi 3 akiwa kaanguka tena. SSRI na venlafaksini zinapunguza hamu, zinachelewesha kufika kileleni au zinakizuia kabisa, kwa wanaume na kwa wanawake. Paroksetini inasumbua zaidi. Mirtazapini na bupropioni zinasumbua kidogo mno. Tofauti na kichefuchefu, hili mara nyingi haliondoki lenyewe baada ya wiki mbili, kwaio likikupata usisubiri miujiza wala usiende kununua vidonge vya nguvu za kiume pembeni, rudi useme, kuna kupunguza dozi, kuna kubadili. Wanawake huwa hawaulizwi kabisa swali hili, basi mwanamke aliulize mwenyewe.

Presha na moyo. Venlafaksini inaweza kupandisha presha hasa dozi ikiwa kubwa, pima kabla na uendelee kupima. Amitriptilini inafanya kinyume ukisimama ghafla, presha inashuka, macho giza, mtu anaanguka bafuni saa 9 usiku. Pia inagusa umeme wa moyo, hivo mwenye ugonjwa wa moyo hapewi kirahisi, na mzee ni vizuri apimwe ECG, kipimo cha huo umeme. Sitalopramu nayo ina ishu hiyo ya umeme wa moyo: mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2011 iliweka kikomo cha mg 40 kwa siku, na waliovuka miaka 60 wasizidi mg 20. Kwa mwenye moyo mbovu sertralini ndo huwa inaangaliwa kwanza.

Macho na mkojo. Amitriptilini tena. Inaleta ukungu kwenye kusoma na inaweza kuziba mkojo kwa mzee mwenye tezi dume. Mwenye presha ya macho aseme mapema.

Ikizidishwa. Hapa tofauti ni kubwa kuliko sehemu nyingine yote. SSRI zikizidishwa mara nyingi mtu anapona akiwahishwa hospitali, trisaikliki zinaweza kuua kwa kuvuruga moyo. Kwa hiyo nyumba yenye mtu anayewaza kujidhuru, au yenye watoto wadogo wanaofungua kila kitu, amitriptilini ya mwezi mzima haikai juu ya friji. Omba upewe ya wiki moja moja, na mtu mwingine ndo aitunze, kwenye kitu kinachofungwa kwa ufunguo. Mwenye dawa wala asione amenyanyaswa, hata miongozo ya WHO inasema mtu wa hivo apewe kidogo kidogo.

Kuacha. Fluoksetini inakaa mwilini siku nyingi sana, ukiacha inajishusha yenyewe taratibu, ukisahau siku moja hata hujui. Paroksetini na venlafaksini zinatoka haraka, ukisahau siku mbili unaanza kizunguzungu, jasho, ndoto za ajabu, na vile vimishtuko kama vya umeme kichwani. Mtu msahaulifu, au anayeishi mahali ambapo famasi huishiwa na dawa, hili lifikirie sana, mimi kwa mtu wa hivo ningemwambia aulizie fluoksetini kabla ya nyingine yoyote.

Kuna swali linakuja sana hapa, "mbona nimepewa dawa ya sonona na mimi nina ganzi tu ya miguu". Amitriptilini ya mg 10 au 25 usiku inatumika kwa maumivu ya neva za kisukari na kwa kichwa cha kipanda uso, hujaitwa mwendawazimu. Duloksetini nayo hivo hivo kwa maumivu ya neva, ila mnywaji mzito wa pombe na mwenye ini bovu hapewi.

Hatua ya 5: toa ile karatasi, angalia zisizopatana

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. SSRI zinapunguza kidogo uwezo wa damu kuganda, ukichanganya na hizi tumbo linaweza kutoka damu, hasa mzee au mwenye vidonda vya tumbo. Choo cheusi kama lami, nenda hospitali leo leo. Kwa maumivu ya kawaida tumia paracetamoli. Anayemeza wafarini lazima daktari ajue.

Tramadoli. Hii inauzwa mitaani kama pipi na watu wanaimeza kwa kazi ngumu. Ukiichanganya na dawa ya sonona serotonini inaweza kujaa kupita kiasi: unatetemeka, unatokwa jasho, joto linapanda, misuli inakaza na kurukaruka, moyo unakwenda mbio, unaweweseka. Hiyo ni dharura, sio malaria, usikae nyumbani. Inaongeza pia hatari ya degedege. Dawa za kikohozi zenye dekstromethofani nazo ni kundi hilohilo, kwaio soma nyuma ya chupa.

Dawa ya mseto ya malaria, ALu. Hii inasahaulika kuliko zote na ndo inayotuhusu sisi. Lumefantrini iliyomo inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja amitriptilini na imipramini, na yenyewe inagusa umeme wa moyo. Haimaanishi uache kutibu malaria, malaria inaua, maana yake ukienda kituoni na kipimo kikasoma ndiyo, mwambie anayekuhudumia "natumia amitriptilini" kabla hajakupa, ajue kama akuchagulie dawa nyingine au akufuatilie. Kwinini iko hivohivo.

Fluoksetini juu ya amitriptilini. Kuna mtu anapewa fluoksetini kliniki ya akili na amitriptilini kliniki ya kisukari, hakuna anayejua ya mwenzake. Fluoksetini inazuia kimeng'enya hichohicho, amitriptilini inapanda kwenye damu kuliko dozi inavyosema. Kuna wakati daktari anafanya hivo kwa makusudi na dozi ndogo, sawa, lakini iwe makusudi.

TB na ARV. Rifampisini inaamsha ini linavunja dawa haraka, dawa ya sonona inaweza kupungua nguvu. Wa TB sugu anayepewa linezolidi asimeze dawa ya sonona bila timu ya TB kujua, maana linezolidi inafanya kazi kama zile MAOI, serotonini inaweza kujaa kama nilivyosema kwenye tramadoli. Upande wa ARV, efavirenzi ya zamani ilijulikana kwa ndoto mbaya na huzuni, na dolutegraviri kwa wengine inaleta kukosa usingizi na hali ya kushuka moyo, kwaio kama huzuni ilianza baada ya kubadilishiwa ARV waambie CTC, yaani kliniki inayokupa ARV, kwanza kabla ya kuongeza kidonge kingine juu.

Tamoksifeni kwa waliougua saratani ya matiti. Paroksetini na fluoksetini zinazuia mwili kuigeuza tamoksifeni kuwa ile inayofanya kazi. Daktari huchagua nyingine, venlafaksini au esitalopramu kwa mfano.

Pombe, basi tu. Inalaza zaidi, inarudisha sonona, na ukichanganya na amitriptilini ukapanda pikipiki nadhani unajua mwisho wake. Mirungi inachochea moyo na kunyima usingizi, halafu ikitoka mwilini mtu anashuka vibaya, huwezi kujua dawa imefanya kazi au la.

Hatua ya 6: kama uko kwenye makundi haya

Mimba. Usiache dawa siku uliyoona mistari miwili. Sonona isiyotibiwa nayo inamuumiza mama na mtoto. Paroksetini huwa inakwepwa kwa sababu ya wasiwasi wa moyo wa mtoto miezi 3 ya mwanzo, sertralini ndo hutumika sana, na kwa anayenyonyesha pia ndo hupendelewa kwa kuwa inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Mweleze mkunga ili mtoto akizaliwa aangaliwe siku za mwanzo.

Watoto na vijana. Chini ya miaka 12 WHO haishauri hizi dawa kwa sonona kwenye vituo vya kawaida, na kwa wa juu ya hapo ni fluoksetini tu baada ya mazungumzo kushindwa, na ufuatiliaji wa karibu. Mwaka 2004 Marekani iliweka onyo zito kwenye maboksi kwamba mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa watoto na vijana wanapoanza, na 2007 onyo likasogezwa mpaka umri wa miaka 24.

Wazee. Amitriptilini iepukwe ikiwezekana, inachanganya akili na kuangusha. SSRI kwa wazee zinaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, hasa akiwa kwenye vidonge vya presha vya kukojoza, mzee anaanza kuchanganyikiwa na familia inasema ni uzee. Mpime sodiamu.

Hatua ya 7: siku ya kuchukua dawa na wiki za kwanza

Ukipewa dawa kwenye ile bahasha ndogo imeandikwa "1x1 usiku" peke yake, usiondoke. Mwambie aandike jina la dawa na mg juu yake, herufi kubwa. Nyumba moja inaweza kuwa na amitriptilini ya baba na amlodipini ya bibi, vyote vidonge vidogo, vyote majina yanaanza na "am", kwenye bahasha zinazofanana kama mapacha. Ikija kwenye boksi angalia tarehe ya kuisha.

Kuanza ni chini. Fluoksetini mara nyingi ni mg 10 wiki moja halafu 20, amitriptilini ni 25 usiku inapandishwa pole pole. Maudhi yanakuja kwanza, nafuu inafuata, na hapo ndo watu wengi wanapotea njia. Nafuu inaanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, nguvu kamili wiki ya 6 mpaka 8. Mara nyingi wanaokuzunguka wanaona kabla yako, utaambiwa "siku hizi unakula" na wewe bado moyo mzito.

Tafuta mtu mmoja, mke, mume, dada, rafiki, mwambie umeanza dawa na akuangalie wiki za kwanza. Akikuona huwezi kutulia, unazunguka zunguka, hasira za ghafla, hulali kabisa, au unaongea habari za kufa, arudi na wewe hospitali siku hiyohiyo. Yakikujia mawazo ya kujiua ukiwa peke yako, sema kwa mtu yeyote na uende chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, saa yoyote. Ukiwa Kenya kuna namba ya Msalaba Mwekundu 1199, Marekani piga 988, Uingereza 116 123.

Kila baada ya wiki 2 jaza PHQ-9 tena kwenye karatasi ileile. Pembeni andika maudhi na kama yanapungua au la. Hiyo karatasi ukiiweka mezani kwa daktari dakika tano zinatosha, bila hiyo anabakia kukisia.

Hatua ya 8: kubadili, na kuacha

Kama zimepita wiki 4 kwenye dozi inayofaa na umemeza kweli (sema ukweli kama ulikuwa unaruka) na hakuna kilichosogea, daktari ataongeza dozi au atabadili. Dawa ya kwanza kukataa ni kitu cha kawaida mno, hakimaanishi umerogwa wala huponi. Kubadili kuna ratiba yake, kutoka fluoksetini kwenda MAOI kwa mfano inabidi kusubiri wiki 5, kwaio usijibadilishie kwa kuazima za mwenzio. Na kama haujapata mtu wa tiba ya mazungumzo, huu ndo wakati wa kudai, ukichanganya na dawa matokeo huwa bora kwa sonona nzito.

Ukipona, usiache. Najua, kila mtu anataka kuacha akijisikia vizuri. WHO inasema fikiria kuacha baada ya miezi 9 hadi 12 ukiwa huna dalili na unafanya shughuli zako kama kawaida, na aliyewahi kuanguka mara kadhaa anaweza kukaa nayo muda mrefu zaidi. Kuacha ni kushuka ngazi kwa wiki kadhaa, angalau 4, na kwa paroksetini na venlafaksini ni polepole zaidi ya hapo. Ukipata kizunguzungu na vimishtuko hiyo sio uteja na sio lazima sonona imerudi, ni mwili unalalamika kasi, unarudi ngazi moja juu halafu unashuka taratibu zaidi. Vikianza siku chache tu baada ya kupunguza, ni dawa inatoka. Huzuni ikijipenyeza taratibu baada ya wiki kadhaa, hiyo ndo ya kuikimbilia na PHQ-9 yako mkononi.

Vitakavyobaki usivihifadhi "vya dharura" wala usimpe shemeji anayelalamika hapati usingizi. Virudishe famasi, hasa amitriptilini, tutaviharibu sisi.